Picha Moja ya Lisbon na Ng'ombe wa Mjomba

Ile picha mnaijua. Nimesimama mbele ya mnara mweupe wenye umbo la meli, mto uko nyuma yangu, miwani ya jua kichwani, nimecheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Niliiposti nikiwa bado Lisbon, na kufika jioni inboksi ilikuwa imejaa. "Umeomoka!" "Tukumbuke sisi wenye tuko huku chini." Mmoja tuliyesoma naye sekondari kule Makueni akaniandikia kwa heshima zote, anaomba elfu tano tu, ati kwangu mimi sasa hiyo ni pesa ya soda.

Hao siwalaumu. Hata mimi ningekuwa nimekaa Wote na bando inaisha, nikaona picha kama hiyo, ningeandika hivyo hivyo. Kilichonifanya nikae chini niandike ni simu ya mjomba. Mjomba anaishi upande wa Mutomo, kule Kitui, na ana ng'ombe watatu. Mwanawe amepata ajenti Nairobi anayeahidi kazi ya meli kwa shilingi 180,000. Picha yangu ndiyo imekuwa ushahidi. Mjomba aliniambia, "Nimeona mahali umefika, mwanangu. Nauza hao wawili, nabaki na mmoja wa maziwa."

Sasa, kabla ng'ombe hawajapanda lori, wacha niwaambie kilichokuwa nje ya ile picha.

Mimi ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya watalii. Jina la kampuni nitaliacha, maana kazi bado naitaka. Natandika vitanda, nasugua vyoo, nakunja taulo mpaka zinafanana na tembo (ndio, kukunja tembo tunafundishwa). Asubuhi vyumba, jioni vyumba vilevile tena. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa miezi saba, na ndani ya hiyo miezi sikupata siku nzima hata moja ya kupumzika. Unachopata ni masaa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, ule wa 2006, unaruhusu nchi ziweke kikomo cha hadi saa 14 za kazi kwa siku na 72 kwa wiki. Nalala chumba cha watu wawili kisicho na dirisha. Nikitaka kujua kama nje ni usiku au mchana, naangalia simu.

Lakini mshahara huo umelipa karo ya ndugu zangu wawili na umenunua tangi la lita elfu kumi kwa mwaitu, na mtu wa Kitui hahitaji kuelezwa tangi ni nini. Kwa hivyo msinisome kama mtu anayelia.

Lisbon tuliingia asubuhi. Wageni walikuwa juu wakipiga picha, kwa sababu meli ikiingia mto Tejo inapita kwanza mbele ya Belém, halafu inapita chini ya lile daraja kubwa jekundu la 25 de Abril, na ukiangalia ng'ambo unaona sanamu ya Yesu amenyoosha mikono juu ya kilima. Hayo yote nilisimuliwa na mama mmoja Mwingereza nikimbadilishia shuka. Ule mnara mliouona kwenye picha nilikuwa nimeupita asubuhi hiyo bila kuuona, niko chini napanga taulo.

Nilimaliza vyumba saa nne na nusu. Nilitakiwa kuwa ndani ya meli saa tisa na nusu. Saa tano basi. Hiyo ndiyo safari yangu ya Ulaya mnayoisifu.

Na hata hizo saa tano zina kamba. Mkenya wa kawaida akitaka kuona Lisbon anaomba viza ya Schengen, analipa euro 90, na wakimkataa pesa hairudi. Mimi nilishuka bila viza, kwa kitambulisho cha ubaharia na jina langu kwenye orodha ya meli. Lakini sheria yao inasema baharia akae kwenye manispaa ya bandari na zile zinazopakana nayo, basi. Nikipanda gari moshi niende Porto kutembea, nimevunja sheria. Ni kama mbuzi aliyefungwa mahali penye majani mazuri.

Wenzangu wengi hawakuenda popote. Rafiki yangu kutoka Ufilipino alitafuta mkahawa wenye waifai ya bure karibu na geti, akaagiza kahawa moja, akakaa hapo saa tatu akiongea na binti yake wa miaka minne. Kila bandari anafanya hivyo. Barcelona, Naples, Marseille, zote anazijua kwa nguvu ya waifai. Nilimuuliza kama haoni amekosa kitu. Akasema binti yake ameota jino jipya, na amelionea Lisbon.

Mimi nilikuwa na mpango. Watu huniuliza Mkamba na bahari ni wapi na wapi, na huwa nashangaa kidogo. Karne ya 19 akina Kivoi wa Kitui walikuwa wakipeleka misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani, kwa miguu. Na vile vinyago vya twiga ambavyo watalii wa meli hununua wakishuka Mombasa, vingi vimetoka kwa wachongaji Wakamba pale Changamwe. Bahari tunaijua vizuri, ila tumeizoea kutoka upande wa anayengoja wageni washuke. Na mgeni wa kwanza tuliyefundishwa shuleni, kabla wengi wetu hatujaona hata bwawa la maana, ni Vasco da Gama. Tulimwimba jina darasani. Tukapelekwa safari ya shule usiku kucha, Makueni mpaka Mombasa, tukaingizwa Fort Jesus na mandazi yetu kwenye mifuko, tukaambiwa Wareno walianza kuijenga 1593. Kwa hivyo nikaona, leo niko kwao. Wacha niende nione huyo msee kwao anasemwa vipi.

Kutoka kwa meli nilitembea dakika kama kumi na tano mpaka Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio wazi upande wa mto, nikapanda tramu namba 15. Ushauri wa bure: viatu vyenye mshiko. Njia za miguu Lisbon ni vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kwa maua na mawimbi, vinapendeza kwenye picha na vinateleza kama sabuni.

Belém ndipo alipoondokea, tarehe 8 Julai 1497. Kaburi lake liko ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, ukiingia tu, na ng'ambo yake amelazwa mshairi wao Camões. Sikununua tiketi ya kuzunguka ua wa ndani, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Huduma Centre. Niliingia kanisani tu. Jiwe lake limechongwa kamba, tufe, na meli yenye matanga. Yeye mwenyewe amelala juu, mikono imekutana kifuani, kama aliyemaliza kazi akasema asante.

Jengo lenyewe ni la ajabu, siwezi kudanganya. Nguzo zinapanda juu zikifunguka kama minazi. Walianza kulijenga karibu mwaka 1501, na pesa nyingi zilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 ya biashara iliyoletwa kutoka Afrika na Asia. Nilisimama hapo na shingo imepinda nikiangalia dari, nikawaza, kumbe kuna kiasi chetu hapa. Kidogo, lakini kipo.

Kitu kilichonikaa zaidi lakini ni machungwa. Gama alipofika Mombasa, Aprili 1498, watu wake walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, fizi zimevimba, kwa kukaa miezi baharini bila matunda. Kuna shajara ya mtu aliyekuwa kwenye safari hiyo, na ndani yake imeandikwa kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na kwamba wagonjwa wao walipona pale. Yeye alisifu hewa ya Mombasa. Mimi mtu wa Makueni, kwetu chungwa linaliwa mpaka tunachoka nalo, najua ilikuwa nini. Urafiki uliharibika haraka, akaenda Malindi, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Vitabu vyetu vilikuwa vikisema rubani huyo ni Ibn Majid. Wanahistoria wengi hawakubali tena, kwa hivyo mtu aliyeonyesha njia hatumjui kwa uhakika hata jina. Na mwaka 1505, miaka saba tu baada ya yale machungwa, Francisco de Almeida akaja na meli zake akaipora Mombasa na kuichoma. Mawe ya hili kanisa wakati huo yalikuwa tayari yanapangwa.

Nilitoka nikavuka barabara kwenda mtoni, kwa ule mnara wenu. Unaitwa Padrão dos Descobrimentos. Huu wa mawe ni wa 1960 tu, ni mdogo kwa nyanya yangu. Una urefu wa zaidi ya mita 50, umbo la meli inayoanza safari, na juu yake sanamu 33 zimejipanga pande mbili zikipanda kwenda mbele, mwanamfalme Henrique akiwa wa kwanza kabisa, ameshika meli ndogo mkononi. Gama yuko. Wafalme wapo, mapadri wapo, wachoraji ramani wapo. Nilihesabu wanawake. Ni mmoja, Filipa, na yuko hapo kwa sababu ndiye mama yake Henrique.

Nikatafuta mpishi. Nikatafuta mtu wa kupiga deki, wa kumwaga ndoo, wa kushona tanga. Inakadiriwa Gama aliondoka na watu kama 170 na waliorudi ni kama 55. Zaidi ya mia moja walibaki baharini na pwani za watu, na hao hawamo juu ya ile meli ya mawe. Mnaweza kusema namuonea mchongaji, kwani angeweka wote wapi? Sawa. Lakini mtu aliyeosha vyoo kumi na vitano asubuhi akisimama mbele ya sanamu ya meli, macho yake yanaenda kwa wale wasiokuwepo, hawezi kujizuia.

Hapo ndipo mama mmoja akanigusa bega, kwa upole, akanipa simu yake nimpige picha na mumewe. Ni wa chumba changu. Kwa siku tisa nilikuwa nimemtandikia kitanda, najua anapenda mito miwili migumu, najua dawa zake za presha ziko wapi, tumesalimiana kila asubuhi kwa majina. Bila sare hakunijua. Nilimpiga picha tatu, nzuri, nikahakikisha Henrique anaonekana wote. Akasema asante, akaniuliza kama mimi ni wa hapa Lisbon. Nikasema hapana, niko safarini tu. Akanitakia safari njema! Na kwa sababu alikuwa mkarimu, akachukua simu yangu naye akanipiga. Ndiyo picha yenyewe hiyo. Kicheko mnachokisifu ni cha kuzuia kicheko kingine.

Chini ya mnara kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru, watoto wanakimbia juu yake. Nilisimama pale Afrika Mashariki. Kutoka Ureno mpaka nilipokuwa nimesimama ni hatua chache tu. Kila mji una hadithi yake ya kuuzia wageni. Sisi Kitui tuna jiwe la Nzambani, ati ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume anakuwa mwanamke, na watalii hulipa kuingia halafu hakuna anayethubutu kuzunguka. Hadithi ya Lisbon ni kuondoka kwa meli. Wanaisimulia vizuri sana mpaka hapo meli inapoondoka. Wana hata daraja la Vasco da Gama, lilifunguliwa 1998, takriban kilomita 17 na barabara zake za kuingilia. Sisi Malindi tuna nguzo yake moja nyeupe juu ya mwamba.

Kwa mahesabu yangu nilibaki na saa mbili na kidogo. Nikala kile kikeki chao cha kastadi, mbili, nimesimama (hapo kwa foleni ndefu ya duka la 1837 sikuthubutu, nilinunua kibanda cha pembeni na vilikuwa vitamu), nikarudi mjini mpaka Largo de São Domingos. Kuhusu hapa nilikuwa nimeambiwa na Mbrazili wa jikoni. Ukitaka kuona Waafrika Lisbon, alisema, nenda hapo.

Ni kiwanja kidogo karibu na Rossio. Wazee wa Gine-Bisau wamesimama na kanzu wakipiga stori, akina mama wamekaa chini wakiuza karanga na vitu vingine vya kwao ambavyo sikuvijua majina. Kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa kwa fujo zilizoanzia hapo mwaka 1506. Na kuna kanisa lililoungua 1959, ambalo kuta zake za ndani ziliachwa na makovu ya moto. Zamani chama cha Wakristo weusi kilikuwa kwenye kanisa hilo, maana katika karne ya 16 inakadiriwa mtu mmoja kati ya kumi Lisbon alikuwa Mwafrika, wengi wao watumwa. Kwa hivyo hao wazee na kanzu zao hawajaja jana, mahali hapo pamekuwa pa watu weusi kwa miaka mia kadhaa.

Mlangoni pameandikwa Igreja, yaani kanisa. Nililisoma neno hilo kwa sauti, taratibu, na mwili ukanisisimka. Wataalamu wa lugha wanasema gereza letu limetoka hapo. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya Fort Jesus, na baadaye Waingereza wakaigeuza ngome hiyo kuwa jela mpaka 1958. Neno likavuka bahari likiwa nyumba ya sala, na sisi tukabaki nalo likiwa mahali pa kufungiwa watu. Hiyo hakuna mahali nimeiona imeandikwa kule Belém. Nilianza kuwinda. Kwenye mkahawa, mesa. Juu ya jengo, bandeira. Kwenye chupa, vinho. Meza, bendera, mvinyo. Nilikuwa nikitembea barabara za ugenini nikikutana na vitu vya jikoni kwetu.

Mama mmoja muuza karanga alinitazama nikiongea peke yangu, akaniita, "Filha," yaani binti. Hilo neno nilikuwa nalijua kutoka kwa Wabrazili. Hatukuwa na lugha nyingine. Alinionyesha kidole kwenye kitambaa kidogo kinachouzwa pale pembeni, halafu kichwani kwangu, kwamba jua ni kali nijifunike. Nikamuuliza muuzaji wa vitambaa kwa ishara, hiki mnakiitaje? Lenço. Leso, jamani! Nikanunua kimoja cha mwaitu, cha rangi nyekundu, nikanunua na karanga kwa yule mama. Alinizidishia konzi moja, kama wanavyofanya Kibwezi stejini.

Saa tisa na dakika ishirini nilikuwa kwenye ngazi ya meli. Saa kumi na moja nilikuwa na sare, nakunja tembo. Yule mama wa picha alinikuta kwenye korido, akanisimulia mnara mzuri waliouona, ati siku moja na mimi niende.

Mjomba nilimpigia usiku huo huo. Sikumwambia asimtume kijana. Mimi mwenyewe narudi Januari kwa mkataba wa pili, nitamkatazaje mtu? Nilimwambia habari ya ajenti. Ule mkataba wa 2006 unakataza ajenti kumtoza baharia pesa ya kutafutiwa kazi. Cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti, hizo utagharamia, na mafunzo ya usalama utalipia chuo. Viza ni ya mwenye meli. Na ajenti halali ana leseni ya Kenya Maritime Authority, unaweza kuwauliza kabla ya kutoa hata shilingi. Nikamwambia kijana aombe namba ya leseni, kwa maandishi.

Aliomba. Tiki mbili za buluu mpaka leo. Ng'ombe wako Mutomo, na mmoja wa wale wawili amezaa.

Mwaitu naye nilimpa leso yake nilipofika nyumbani. Nikamweleza lenço, nikamweleza Wareno, jinsi wanawake wa pwani walivyokuwa wakishona vitambaa kama hivyo pamoja mpaka vikawa leso tunazojua. Alisikiliza yote. Akaikunjua, akaipima kiunoni, haikufika hata nusu.

"Hawa watu wako," akasema, "walituuzia kipande."